Tiketi za boti katika foleni ya Amazon SQS: tathmini baada ya miezi minane

Kwa miezi minane sasa, tiketi za kikundi kidogo cha wenye boti wanaovusha abiria kati ya Mokowe na mji wa Lamu zimekuwa zikipita katika Amazon SQS, huduma ya foleni inayotunza ujumbe mpaka uchukuliwe, na kijiprogramu ninachokiendesha katika Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha msimbo bila seva yangu mwenyewe, ndicho kinachozitoa humo, kuziandika katika hifadhidata na kuwapelekea SMS abiria na nahodha. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na kompyuta moja iliyokaa chini ya meza katika mtaa wa Langoni, Lamu, na umeme ulipokatika, malipo yaliyoingia wakati huo yalitafutwa moja moja jioni na kunakiliwa daftarini. Kuunganisha foleni na kijiprogramu kulinichukua alasiri moja. Kuuelewa muungano huo kulinichukua muda mrefu zaidi, na sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu muda huo.

SQS ni huduma kongwe, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2006, na Lambda ilitangazwa mwaka 2014, lakini ni mwaka 2018 tu ndipo foleni hiyo ilipoweza kukiamsha kijiprogramu moja kwa moja. Neno kuamsha linapotosha kidogo, kwa kuwa foleni yenyewe haimsukumii mtu kitu. Lambda ndiyo inayoiuliza foleni kwa niaba yako, mchana na usiku, na kila swali laweza kusubiri hadi sekunde 20 iwapo foleni ni tupu. Ujumbe ukishatolewa haufutwi papo hapo, bali hufichwa kwa muda maalumu, ambao ni sekunde 30 usipoubadilisha na ambao waweza kufika saa 12. Kijiprogramu kikimaliza bila kosa, Lambda huufuta. Kikishindwa, muda wa kufichwa ukiisha ujumbe hujitokeza tena kama haujawahi kuguswa. Ni kama mzigo ulio begani mwa hamali hapa gatini: umeshatoka chomboni, lakini mwenye mzigo hauhesabu kuwa umefika mpaka autue mlangoni.

Jambo hilo nililisoma nikadhani nimelielewa. Wiki ya Maulidi, mji ulipojaa wageni, nilikuwa nimeiagiza Lambda ikusanye jumbe kwa muda kidogo kabla ya kukiita kijiprogramu, ili zije kwa mafungu ya kumi kumi na kupunguza gharama. Katika fungu moja kulikuwa na mgeni aliyeandika nambari yake ya simu ya nje ya nchi bila alama ya kujumlisha mbele. Kijiprogramu changu kilipeleka SMS tisa, kikafika kwa nambari hiyo, kikaanguka. Kwa mpangilio wa kawaida, ujumbe mmoja ukiangusha kazi, fungu zima huhesabiwa kuwa limeshindwa, kwa hiyo zote kumi zilirudi foleni, zikatolewa tena, na wale tisa wakapelekewa SMS upya. Jumbe nzima zilinusurika mmoja mmoja kila zilipobahatika kuchanganywa katika fungu lisilokuwa na ile mbovu, lakini kufikia hapo baadhi ya abiria walikuwa na SMS nne za kiti kimoja. Nahodha alinipigia simu kutoka Mokowe, na sauti ya mashine ya boti ikimfunika nusu ya maneno: «Mwanangu, huyu wa kiti cha saba ni mtu mmoja au ni jamaa nzima?» Nikamjibu, «Ni mtu mmoja, ami, nisamehe, kosa ni langu,» na kosa lilikuwa langu kweli, kwa sababu dawa yake ipo katika huduma yenyewe tangu mwaka 2021.

Dawa hiyo ni mpangilio unaoitwa ReportBatchItemFailures. Ukiuwasha, kijiprogramu hurejesha orodha ya vitambulisho vya jumbe zilizoshindikana pekee, na nyingine zote katika fungu hufutwa. Angalizo ni kwamba lazima uyakamate makosa ndani ya msimbo, ujumbe kwa ujumbe, kwa kuwa kijiprogramu kikianguka chote kabla ya kurejesha orodha, fungu zima hurudi vilevile kama zamani.

Pamoja na hilo inahitajika foleni ya pembeni ya jumbe zilizokwama, ambamo ujumbe hutupwa baada ya kushindikana mara kadhaa. Ushauri wa Amazon wenyewe ni mara 5 au zaidi. Bila foleni hiyo, ujumbe mbovu huzunguka mpaka muda wake wa kuhifadhiwa uishe, nao ni siku 4 kwa kawaida na 14 kwa upeo. Hapa nilipoteza siku nzima nyingine, maana niliiweka foleni ya pembeni katika mipangilio ya kijiprogramu, mahali panapoonekana pa haki kabisa, ikabaki tupu. Kwa jumbe zitokazo SQS, mpangilio huo huwekwa katika foleni mama, yaani ile ya tiketi zenyewe. Skrini haikuzuii kuuweka upande usio wake.

Muda wa kufichwa nao haufai kuachwa kwenye sekunde 30. Maelezo rasmi yanashauri uwe angalau mara sita ya muda wa juu unaokiruhusu kijiprogramu kufanya kazi. Changu kina sekunde 30, hivyo foleni nimeipa 180 na nyongeza ya ule muda wa kukusanya mafungu. Hata hivyo, foleni ya kawaida huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, si mara moja tu, kwa hiyo nambari ya malipo sasa ndiyo ufunguo wa tiketi, na ikija mara ya pili hifadhidata huikataa kimya kimya. Ipo foleni ya aina ya FIFO (aliyetangulia kuingia hutangulia kutoka) inayolinda mpangilio na kuzuia marudio yanayoingizwa ndani ya dakika 5. Niliijaribu nikaiacha, kwa kuwa ujumbe mmoja ukikwama huzuia wenzake wa kundi lake walio nyuma, na abiria wa boti hana haja ya kujua nani alilipa kabla yake.

Hifadhidata yangu ni ndogo na haivumilii wageni wengi kwa mpigo, ilhali Lambda hupenda kuongeza nakala za kijiprogramu kadiri foleni inavyorefuka. Tangu mwaka 2023 unaweza kuwekea foleni kikomo cha nakala zinazofanya kazi pamoja, na kiwango cha chini ni 2. Nimeweka 2, na panatosha.

Kuhusu gharama, wengi hushangaa kuona maombi, yaani kila swali linaloulizwa foleni, katika bili ya mwezi ambao hawakuuza kitu. Waulizaji watano wa Lambda, kila mmoja akiuliza mara tatu kwa dakika, hufanya maombi 648,000 kwa siku 30 hata foleni ikiwa tupu. Milioni ya kwanza ya kila mwezi ni bure, kwa hiyo foleni moja haiumizi. Nilipoongeza foleni ya pili, ya mizigo, hesabu ilipita milioni, na kwa bei ya maeneo ya Marekani, yaani senti 40 za dola kwa milioni, ziada hiyo ni kama senti 12, ambayo hapa ni kikombe kimoja au viwili vya kahawa chungu. Kwa mtu mwenye foleni hamsini zisizo na kazi, hesabu ni nyingine.

Ningeipendekeza kwa mfumo wenye kazi za kupanda na kushuka kama huu wetu, na ningemwambia mwenye kazi inayozidi dakika 15 aende kwingine, kwa kuwa huo ndio mwisho wa Lambda. Kinachonikera hadi leo ni kwamba mipangilio ya asili huchukulia kuwa kurudia kazi hakuna madhara, wakati kwa SMS na fedha kuna madhara tele. Kila asubuhi huifungua foleni ya jumbe zilizokwama kabla ya boti ya kwanza. Leo mlikuwa na mmoja, nambari ya Uholanzi iliyopungua tarakimu; nimemtumia nahodha jina la abiria huyo, kisha nikaurudisha ujumbe katika foleni mama baada ya kuirekebisha nambari katika hifadhidata.