Miezi mitano na bagi ya kujiundia nyumbani Malindi: uzoefu wangu

Niliagiza seti ya bodi ya bagi kutoka Uingereza, lile gari la ufukweni linalokaa juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle. Asili yake ni Meyers Manx, aliyoibuni Bruce Meyers kule California mwaka 1964. Nimeichagua kwa sababu moja. Nakaa Muyeye, na chumvi ya bahari hapa hula bati la gari hadi mlango unabaki mkononi. Bodi hii ni ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa dawa, na faiba haishiki kutu.

Bodi yenyewe naisifu: nene, kingo zimenyooka, na matundu yalilingana karibu yote. Lakini bolti zilikuja pungufu, tena za chuma cha kawaida. Wiki ya tatu ya kusi zikaanza kutoa wekundu. Nikazitupa, nikanunua za stenlesi kwenye duka la vifaa vya boti. Boneti nayo ilifika na ufa wa urefu wa kiganja. Muuzaji alijibu barua pepe ya kwanza, baada ya hapo kimya.

Nilitaka kuipeleka boneti kwa fundi rangi wa magari, jirani akanizuia: nenda kwa watengeneza boti. Mzee aliyekuja alitaka tuanze alfajiri. "Mwanangu, jua likishapanda hii dawa haikungoji." Ni kweli, joto huifanya dawa ya kugandisha faiba ikauke kabla hujaisambaza. Alipiga msasa, akalaza mkeka wa faiba tabaka mbili kwa ndani, na kufikia saa tatu asubuhi tumemaliza. Leo ukiniuliza ufa ulikuwa wapi, siwezi kukuonyesha.

Kazi nzito ni chesisi, na hapo ndipo kijitabu cha maelezo kilipoangusha seti nzima. Beetle ina sentimita 240 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma; bodi hii inataka ipunguzwe kama 36. Kijitabu kinasema kata, basi. Hakisemi kwamba ndani ya lile bomba kubwa la katikati mnapita petroli, waya wa klachi, waya wa akseleta na fimbo ya gia. Grenda na mabaki ya petroli ni hatari ya kufa mtu, kwa hiyo toa kila kitu kwanza. Wala hakisemi kwamba namba ya chesisi imegongwa juu ya bomba hilohilo, chini ya kiti cha nyuma. Kipande kikiondoka na namba, utawaambia nini NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari Kenya, na logibuku iko mkononi?

Sisi tulichomelea vyuma vya pembe kuvuka sakafu kabla ya kukata, isije ikajipinda. Tulipomaliza tukapima pembe kwa pembe: tofauti milimita 3. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Nyota 3 kati ya 5. Bodi ningeinunua tena. Ila kama huna mchomeleaji unayemwamini, tafuta aina inayokaa juu ya chesisi isiyokatwa, zipo. Mimi sasa nangoja masta silinda, ile pampu kuu ya breki, kutoka Mombasa. Hadi ifungwe na kujaribiwa, gari halishuki kwenye matofali.