TAHADHARI: Wachimba visima wanaouza mita hewa, Buswelu hadi Kisesa

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa mnaojenga pembezoni ambako maji ya bomba ni ya mgawo, someni hili kabla hamjatoa hela ya kisima.

Mwezi wa tisa alinijia kijana mmoja mpole, kila neno "mama". Akazunguka uwanjani na vijiti viwili vya waya, vikapishana karibu na mwembe, akasema maji yapo, tena mengi. Bei shilingi 85,000 kwa mita. Nikamuuliza habari ya kupima ardhi kwa mashine. Akajibu ni kupoteza hela, kwani ziwa si lile pale unaliona?

Hapo ndipo niliponasa. Ziwa halisaidii kitu. Chini yetu ni graniti, mwamba ule ule wa vilima vyetu na Bismarck Rock, na maji yake hukaa kwenye nyufa na kwenye tabaka lililolegea juu yake. Ukikosa ufa, unachimba mita 100 unatoa vumbi tupu, na jirani hatua thelathini tu anachota.

Mtambo ulifika jioni. Saa nne usiku maji yakaruka juu kuliko paa, majirani wakapiga vigelegele. Nikaandikiwa mita 90, shilingi 7,650,000, nikalipa yote usiku ule ule. Sikujua kwamba mtambo unaochimba kwa upepo wa kompresa huweza kuingiziwa maji ya tangi ili kutuliza vumbi na kusafisha shimo. Gari lao la maji lilisimama hapo tangu jioni, na mpira wameuunganisha nikiwa jikoni nawachemshia chai.

Siku ya tatu pampu ilitoa maji dakika kumi na mbili, ikakauka. Nikapiga simu, naambiwa "mama, kisima bado kinajikusanya". Wiki iliyofuata simu haipokelewi.

Fundi pampu akafunga chuma kwenye kamba akashusha: mita 54. Walipopatikana walidai shimo limebomoka chini. Lakini mwanangu alikuwa amepiga picha mabomba ya plastiki ya kushikilia kuta za shimo, yakiwa yamelazwa kabla ya kushushwa. Yako 18, kila moja mita 3, yaani mita 54 zile zile. Nimelipia mita 36 ambazo hazijachimbwa, shilingi 3,060,000.

Nawaomba sana, msiondoke pale mtambo ukifanya kazi. Pimeni urefu wa vyuma vya kuchimbia kabla havijashuka, kisha hesabuni kimoja kimoja, na kamba ishusheni kwa mikono yenu kabla ya kulipa. Hela nyingine ibaki mfukoni mpaka pampu ivute saa nyingi mfululizo huku kina cha maji kikipimwa. Na mchimbaji lazima awe na leseni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka hivyo. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria wapo hapa hapa Mwanza, nendeni mkaulize jina la mtu wenu. Mimi nilionyeshwa nakala iliyofifia, namba haisomeki, nikaona aibu kuuliza zaidi.

Jina lao silitaji kwa kuwa shauri liko polisi. Ila jana shemeji yangu ameuona mtambo ule ule Usagara, umeegeshwa kwenye kiwanja cha mama mmoja mjane. Mwenye ndugu huko ampigie simu leo.