Rejeta ya oili kwenye pikipiki ya cc 150: inamfaa nani?
Rejeta hii ndogo ya alumini ya kupoza oili ya injini, inayouzwa pamoja na mipira yake miwili ya kupitishia oili, bila jina la mtengenezaji, niliifunga kwenye pikipiki ya cc 150 inayopozwa kwa upepo, na kwa safari zenye mizigo, hasa kupanda kutoka Moshi kuelekea Marangu, imeniridhisha, kwa kuwa injini haipotezi nguvu mlimani kama awali na gia huingia kwa wepesi hata oili ikiwa imeshika moto. Kwenye foleni faida yake ni ndogo, maana bila mwendo hakuna upepo wa kupita katikati ya mapezi yake. Anayebeba abiria mjini tu, kwa maoni yangu, abaki na oili bora inayobadilishwa kwa wakati.

Udhaifu wake mkubwa ni washa za shaba (pete bapa za kuziba maungio) zilizomo kwenye boksi, ambazo ni nyembamba mno na zilianza kuvuja mapema, hata fundi akalazimika kuweka nyingine. Mipira nayo ifungwe mbali na bomba la moshi na isisuguane na fremu, kwani mmoja ukipasuka, oili yaweza kumwagika kwenye tairi la nyuma. Haina thamostati, yaani kifaa cha kuzuia oili isipite kwenye rejeta kabla haijapata joto, hivyo asubuhi za baridi oili huchelewa kupata joto. Baada ya kuifunga, injini iwashwe kidogo, izimwe, kisha kiwango cha oili kipimwe upya na kuongezwa.