Uzoefu wangu na RT ya Scarborough: treni nzima imezikwa kwa ajili ya bolti

Nyota moja. Na hiyo moja naitoa kwa hasira.

Naizungumzia RT (yaani Rapid Transit, usafiri wa haraka) ya Scarborough, hapa Toronto, Kanada, ile treni ndogo ya kituo cha Kennedy hadi McCowan iliyoanza 1985 ikasitishwa ghafla Julai 2023. Nilikuwa naipanda kwenda kazini na kurudi, na chumba nilichopanga karibu na kituo cha Lawrence East nilikipanga kwa ajili yake tu. Sasa nimechoka kusikia watu wakisema ulikuwa mkweche, acha ufe. Haukuwa mkweche! Ilikuwa treni ya ajabu iliyokosa matunzo.

Wengi waliipanda miaka nenda miaka rudi bila kujua inasukumwa na nini. Chini ya behewa hakukuwa na mota ya kuzungusha magurudumu. Kulikuwa na sumaku-umeme iliyolazwa bapa, na katikati ya reli mbili limetandazwa bamba la alumini, mwanzo wa njia hadi mwisho. Umeme ukiingia, sumaku inalisukuma bamba, bamba halina pa kwenda, basi behewa ndilo linaloondoka. Magurudumu kazi yake kubeba tu. Mwendo uliamuliwa na kompyuta iliyojua kila treni iko wapi. Dereva alikuwepo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa milango na usalama. Ukitoka kituo cha Ellesmere inazama kwenye kihandaki kifupi, halafu inapanda juu ya daraja na unaiona Scarborough yote chini yako, magari yamebanana kwenye taa nyekundu na wewe unapita. Mimi kwa kipande kile cha njia nilikuwa nasamehe kelele zake zote.

Tatizo ni kwamba kati ya sumaku na bamba hapakuwa na nafasi kubwa, sentimita moja hivi. Mfumo wa namna hiyo unataka mtu wa kuuangalia kila leo. Theluji ikizidi, njia nzima ilifungwa na mabasi yakaletwa, na Kanada theluji si jambo la kushtukiza.

Halafu ikaja ile Jumatatu jioni. Behewa la mwisho lilikatika, likatoka kwenye reli, watu 5 wakaumia. Uchunguzi ulipofanywa ikaonekana ni bolti. Bolti zinazoshikilia lile bamba zililegea, bamba likainuka, likagusana na ile sumaku ya chini ya behewa. Yaani kitu cha kukazwa kwa spana! Treni ilishapangiwa kustaafu Novemba mwaka uleule, kwa hiyo wakaamua isirudi tena. Sina neno na kustaafu kwake, mabehewa yale yalishapita umri wake. Kinachonichoma ni kwamba hatukupata safari ya mwisho ya kuiaga. Asubuhi tuliipanda, jioni haipo.

Majira ya baridi yaliyofuata nikaenda kwa mwenye nyumba. Nikamwambia kwa heshima: mzee, tangazo lako linasema treni iko mlangoni, treni haipo tena, naomba tuzungumze kodi. Hata macho hakuinua kwenye simu yake. "Nunua gari," akasema, akafunga mlango. Tangazo lile hajalibadilisha hadi leo. Kwa hiyo nikisimama kwenye foleni ya basi, vidole vimekufa ganzi ndani ya glovu, namkumbuka yeye na namkumbuka aliyepita karibu na ile bolti asiikaze.

Kuna wanaosema teknolojia yenyewe ndiyo mbovu. Si kweli. Vancouver, jiji jingine la Kanada, wanayo hiyohiyo, SkyTrain, na kule haina dereva kabisa. Wameirefusha, wakanunua mabehewa mapya, inapakia watu hadi leo. Toronto hawakuiongeza hata kituo kimoja, vilibaki 6 vilevile, na mabehewa mapya marefu hayakuweza kupinda kwenye kona ya kile kihandaki. Na nikifika hapo hasira inageukia kwingine, kwa sababu awali njia hii ilikusudiwa iwe ya tramu za kawaida. Serikali ya jimbo ndiyo iliyoshinikiza mtambo mpya uwekwe, itangaze teknolojia yake. Pengine tramu zingekuwepo mpaka leo. Sijui nimlaumu aliyeileta au aliyeiacha.

Basi, ile nyota moja naifuta. Treni naipa nne, na ya tano ningeipa kama isingeogopa theluji. Matunzo, sifuri. Mabasi yaliyochukua nafasi yake siyapi kitu mpaka wamalize barabara yao wenyewe pale palipokuwa na reli, maana treni haikujua taa nyekundu ni nini, na subway, treni ya chini ya ardhi ya kuja kuiziba nafasi, bado inajengwa.

Unayehamia huku, ukiona tangazo la chumba limeandikwa "karibu na RT", usitoe hata amana kabla hujaenda kituoni mwenyewe, saa za watu kutoka kazini, ukasubiri basi.