Uzoefu wangu na TX16S: programu endeshi niliyoichagua na vifaa ninavyovitumia kweli

Mtu akitafuta rimoti ya kurushia ndege za modeli, macho yake hukimbilia skrini na wingi wa swichi. Mimi ningemwambia aanze na risiva, yaani vipokezi vinavyofungwa ndani ya ndege: zile alizonazo tayari, au anazokusudia kununua. Risiva ndiyo inayoamua moduli (sehemu ya rimoti inayorusha mawimbi ya redio), na moduli ndiyo inayoamua utaishi vipi na rimoti yako.

Yangu ni RadioMaster TX16S, modeli iliyotoka mwaka 2020. Huuzwa kwa aina mbili. Aina ya kwanza ina moduli ya ndani ya protokali nyingi, yaani inayozungumza lugha za redio za watengenezaji mbalimbali, yenye chipu nne: CC2500 inaelewana na risiva za FrSky, A7105 na za FlySky, CYRF6936 na za Spektrum, na NRF24L01 na vidroni vingi vidogo vya kuchezea. Aina ya pili ina ExpressLRS, mfumo mwingine wa mawasiliano ya redio, ambao haielewani na hata moja kati ya hizo. Inataka risiva zake yenyewe, lakini kwa umbali na wepesi wa kuitika sijaona ya kushindana nayo kwa gharama ile. Nilichukua ya chipu nne kwa sababu nina ndege za zamani ambazo sitaki kuzifumua, kisha nikachomeka moduli ya ExpressLRS kwenye nafasi ya mgongoni, ile ya mtindo wa JR. Kama unaanza leo na huna risiva hata moja, chukua yenye ExpressLRS ndani moja kwa moja.

Sasa programu endeshi, ile inayoiendesha rimoti yenyewe. Rimoti hizi zilikuja zikiwa na OpenTX, kazi ya watu wa kujitolea, na ilituhudumia vizuri sana. Ila TX16S ilikuwa na kioo cha mguso ambacho OpenTX haikukitumia. Mwaka 2021 likazaliwa tawi jipya kutoka OpenTX, EdgeTX, na kioo kikaanza kuitikia kidole. Hilo peke yake lingenitosha, lakini kuna jambo lililonifurahisha zaidi: EdgeTX huhifadhi mipangilio ya kila ndege, inayoitwa modeli, kama faili la maandishi ya kawaida ya mtindo wa YAML. Unaweza kulifungua kwenye kompyuta, ukalisoma, ukaweka nakala, ukampa mwenzako mwenye rimoti kama yako. OpenTX haisogei tena, kwa hiyo sioni sababu ya mtu mpya kuanzia huko. Modeli zako za OpenTX zitabadilishwa kuwa za mfumo mpya. Zikishabadilishwa hazirudi nyuma, basi weka nakala kabla.

Uzuri wa EdgeTX umo kwenye mantiki yake. Ishara ya kijiti inaingia, inachanganywa, kisha inatoka kwenye chaneli, yaani njia ya amri inayokwenda kwenye sevo au mota moja. Ni hatua tatu, na kila moja ina ukurasa wake. Chukua ndege ya bawa tupu isiyo na mkia, ambapo mabapa mawili yanafanya kazi ya eleroni (kuinamisha ndege kushoto na kulia) na eleveta (kuinua na kushusha pua) kwa pamoja. Kwenye ukurasa wa michanganyo, chaneli ya kwanza naipa eleroni asilimia 50 na eleveta asilimia 50. Ya pili naipa eleroni hasi 50 na eleveta 50. Sevo, yaani mota ndogo inayosogeza bapa, ikizunguka kinyume, sigusi michanganyo hata kidogo. Naigeuza kwenye ukurasa wa chaneli zinazotoka, na mipaka ya mwendo wake naiweka hapo hapo. Ukichanganya kazi za kurasa hizi, miezi michache baadaye utaifungua modeli yako na hutajua nani anafanya nini.

Kwa droni natumia swichi za mantiki, yaani swichi za ndani ya programu zinazowaka masharti uliyoyaweka yakitimia. Mota haziwashwi mpaka mambo mawili yatimie kwa pamoja: kijiti cha kasi kiwe chini kabisa, na swichi ya bega iwe imeshushwa. Nimeongeza sauti pia. Kwenye kadi ya SD kuna folda ya sauti, na unaweza kuweka humo rekodi zako za WAV zenye majina mafupi. Nilijirekodi nikisema “mota tayari”, “betri inaisha”, “rudi sasa”, nikaziunganisha na volteji inayoletwa na telemetria, yaani taarifa ambazo ndege huirudishia rimoti. Macho yako angani, na rimoti inakuambia kwa Kiswahili kwamba muda wa kutua umefika. Sitarudi tena kwenye milio mitupu ya pi-pi.

Kusasisha kunawatisha wengi kuliko inavyostahili. Naweka kwanza nakala ya kadi nzima kwenye kompyuta, na nahakikisha faili nililopakua ni la rimoti yangu hasa, maana kila modeli ya rimoti ina lake. Nalinakili kwenye folda ya FIRMWARE. Kisha nazima rimoti, nabana vile vitufe viwili vya trimu za mlalo (vya kurekebisha kidogo kidogo, kando ya vijiti) kuelekea ndani, navishikilia hivyo na kubonyeza kitufe cha kuwasha. Inaamkia kwenye menyu ya kuandika programu badala ya skrini ya kawaida. Nachagua faili, nasubiri, basi. Kinachosahaulika ni yaliyomo kwenye kadi ya SD: nayo lazima yalingane na toleo la programu, la sivyo rimoti itakulalamikia kila ukiiwasha. ExpressLRS nayo ina sharti lake: moduli na risiva ziwe na namba kuu moja ya toleo. Toleo la 3 halizungumzi na la 2. Yakishalingana, unaziwekea kaulisiri moja ya kuunganisha na zinatambuana zenyewe bila kubonyezana vitufe.

Kasi ya pakiti, yaani mara ngapi kwa sekunde rimoti ya ExpressLRS hutuma amri, ni chaguo jingine linalohitaji akili tulivu. Kwenye 2.4 GHz, kasi ya Hz 500 ina usikivu wa takribani -105 dBm, Hz 250 ni -108, na Hz 50 ni -115; namba ikiwa hasi zaidi, risiva inasikia mawimbi dhaifu zaidi. Maana yake, kadiri unavyotaka mwitikio wa haraka ndivyo unavyotoa kafara umbali. Droni ya mbio inahitaji haraka. Ndege ya mabawa marefu inayoelea kwa utulivu haihitaji, nayo naiacha Hz 50. Ya matumizi ya kila siku ni 250.

Tukija kwenye vifaa vya kuongeza, pesa ya kwanza ipeleke kwenye betri. TX16S inatumia seli mbili za 18650 (betri za duara za Li-ion) zilizounganishwa kwa mfululizo, au pakiti ya LiPo, betri ya litiamu ya mfuko laini, ya seli mbili. Niliwahi kuwa na pakiti ya LiPo ya bei poa iliyovimba ndani ya rimoti hadi kifuniko kikagoma kufunga, na tangu hapo nimehamia kwenye seli za Li-ion kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika. Angalia urefu: seli zenye saketi ya ulinzi huzidi milimita 65, na nyingine haziingii kwenye kishikio. Kengele ya betri pia ibadilishe kulingana na aina. Mimi nimeweka volti 6.4 kwa Li-ion. Kwa LiPo nilikuwa naweka 7.0.

Vijiti vya TX16S yangu tayari vinatumia vihisi vya sumaku vya Hall, ambavyo hupima mkao wa kijiti bila kugusana. Ukitaka kuona faida yake, fungua ukurasa unaoonyesha chaneli, achia kijiti kirudi katikati, na tazama namba. Kwenye rimoti yenye potensiometa (vihisi vya zamani vya kusuguana) zilizochakaa, namba inachezacheza hata bila kuguswa. Hapa inatulia tuli. Vijiti vya AG01 vya alumini, vinavyouzwa kando, nimevifunga, na ulaini wake naupenda, hasa kwa kutua. Ni anasa lakini. Ukivifunga, usisahau kukalibreti upya, yaani kuifundisha rimoti katikati na mwisho wa kila kijiti, kabla ya kuruka.

Mkanda wa shingoni nunua, mikono itakushukuru. Kinga ya skrini pia, haina gharama ya kufikiria. Vifuniko vya rangi na stika ni mapambo, fanya utakavyo. Moduli ya nje usiiwashe kamwe bila antena, maana nguvu isiyo na pa kutokea huunguza kipaza nguvu chake. Kebo ya USB iwe ile inayopitisha data, kwa sababu nyingi za bei rahisi huchaji tu. Kwa kebo hiyo hiyo rimoti inageuka kidhibiti cha mchezo kwenye kompyuta, na unaweza kufanya mazoezi kwenye simuleta siku ambazo upepo haukuruhusu.