Ryzen 5 5600 kwa kompyuta ya gemu: soma mpaka herufi ya mwisho

Kwa anayeunda kompyuta ya gemu Dodoma kwa bajeti ya kawaida, skrini ikiwa ya 1080p, prosesa ya kununua bado ni Ryzen 5 5600 ya AMD. Ilitoka Aprili 2022, si mpya tena, lakini kori 6 na thredi 12 zinatosha, na chenji inayobaki inakwenda kwenye kadi ya grafiki, ambako fremu nyingi ndiko zinakotoka. Shida ni ndugu zake: 5500 na 5600G. Majina yanakaribiana, na muuzaji mwenye haraka atakuambia zote ni mamoja.

Si mamoja. 5600 ina kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 32; hao wawili wana 16 tu, tena wanaishia PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kati ya prosesa na kadi ya grafiki) wakati 5600 inakwenda 4.0. Kwenye Counter-Strike 2 au Valorant, gemu zinazoilemea prosesa kuliko kadi, pengo la kache linaonekana. PCIe nayo inauma ukifunga kadi ya RX 6500 XT, kwa kuwa kadi hiyo imepewa njia 4 tu, na kwenye 3.0 upana wake unakatwa nusu. 5600G inunue kwa sababu moja: kadi huna na hutaipata karibuni. Hapo weka RAM mbili za GB 8, usiweke moja ya 16, kwa sababu grafiki yake ya Vega inakula kutoka kwenye hiyo RAM. 5600 yenyewe haitoi picha kabisa, haina grafiki ya ndani; ukichomeka waya wa skrini kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) badala ya kwenye kadi utabaki na giza ukidhani umeuziwa mbovu.

Core i5-12400F ya Intel ni mpinzani halali. Kwenye gemu wanakabana koo. Angalia tu mazabodi yake inakula RAM ya DDR4 au DDR5, maana zipo za aina zote mbili na RAM haziingiliani. Kinachoipa 5600 ushindi ni soketi ya AM4: baadaye unaweza kuchomeka 5700X3D au 5800X3D yenye kache ya MB 96 bila kugusa mazabodi wala RAM. Mwenye mfuko mnene aende moja kwa moja kwenye Ryzen 5 7600 na DDR5, asisumbuke na mjadala huu.

Mzigo mwingi unaagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi, kwa hiyo maliza suala la BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) kabla haujapakiwa. Mazabodi ya B450 yenye BIOS ya zamani haiitambui 5600: feni zinazunguka, skrini nyeusi. Mwambie fundi wa huko aisasishe na akutumie picha ya toleo lililoandikwa kwenye skrini. Ikiwa mazabodi ina kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi, unaweza kufanya mwenyewe hata prosesa haijafungwa.

Kufunga si kazi. Pembetatu ya dhahabu kwenye prosesa ilingane na alama ya soketi, iache idondoke yenyewe, usikandamize. Feni ya Wraith Stealth inayokuja ndani ya boksi inafungwa kwa skrubu nne, kidogo kidogo kwa kukingamisha. RAM zikae nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa, kisha washa XMP, mpangilio unaoipa RAM spidi yake kamili, ndani ya BIOS. Bila XMP, RAM ya spidi ya 3200 itatembea 2133 au 2400, na Ryzen inachukia sana RAM ya polepole.

Vumbi la Dodoma ndilo adui wa feni hiyo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja chumba kisicho na kiyoyozi kinapikika mchana, na kila nyuzi inayopanda chumbani inapanda na kwenye prosesa. Kikomo cha 5600 ni nyuzi 90. Ikifika hapo inapunguza spidi yenyewe, gemu inaanza kukwama. Kasha liwe mezani, si sakafuni. Puliza kila mwezi huku umeishika feni kwa kidole, isizungushwe na upepo ikaharibu beringi. Ukitaka kubadilisha pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo chenye feni), cheza gemu dakika kumi kwanza ilainike, zima, legeza skrubu, zungusha kipozeo kushoto na kulia ndipo uinue. Ukikivuta kikiwa baridi kinaweza kung'oka na prosesa yake, na pini zilizopinda zinanyooshwa kwa uvumilivu na wembe.

UPS, kifaa cha betri cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, usiisahau, ila ile ndogo ya VA 650 huenda isitoshe. Nyingi hazifiki wati 400, na umeme ukikatika gemu ikiwa imepamba moto UPS inaweza kuzidiwa na kuzima papo hapo pamoja na mashine.