Ng'ombe au Mbuzi: Nani Hutuliza Roho Zaidi?
Anayetaka kutafuta utulivu wa roho zizini huniuliza aanze na nani. Kwangu mimi, ng'ombe.

Ng'ombe hukulazimisha utulie kwanza. Ukiingia kwa fujo anashtuka, adrenalini, homoni ya mshtuko, inapanda mwilini mwake, na maziwa hayashuki hata ukamue namna gani. Alfajiri namwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, nampapasa shingo, namsemesha taratibu: "Haya mama, tulia." Anashusha pumzi, masikio yanalegea, anaanza kucheua. Hapo nami nimeshayasahau ya jana. Surat An-Nahl, aya ya 66, inasema katika wanyama hawa mna mazingatio: maziwa safi yatokayo baina ya kinyesi na damu. Nikiwa nimeshika ndoo, povu likipanda, aya ile naiona kwa macho.

Mbuzi ni mazungumzo ya namna nyingine. Anakujibu, anakufuata, anatafuna pindo la kanga. Mama mbuzi humtambua mwanawe kwa sauti. Nawe ukimwita kila jioni kwa mwito uleule, atakuzoea. Anamfaa sana mpweke, na mwenye uwanja mdogo. Uchangamfu wake naupenda, ila ukimya ule wa alfajiri sijaupata kwake.